Je, Nyumba Yenu Iko Tayari Kumpokea Mbwa? Mwongozo kwa Familia za Moshi na Arusha

Katika miji yetu hii miwili, wazo la kufuga mbwa huingia nyumbani kwa njia mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni wizi: jirani amevunjiwa usiku, televisheni na mtungi wa gesi vimechukuliwa, na kesho yake baba au mama anatamka mezani kwamba sasa ni lazima wapate mbwa. Ya pili ni mtoto, ambaye ameona watoto wa mbwa kwa rafiki yake na amekuwa akiomba kila siku bila kuchoka. Sababu zote mbili ni za haki, lakini hakuna hata moja inayojibu swali ambalo ndilo hasa linaloamua kama familia iko tayari, nalo ni hili: mbwa huyo akishafika, atakuwa wa nani?

Nauliza hivyo kwa sababu nimeona katika nyumba nyingi kwamba mbwa akishazoeleka, kazi yake huteremka ngazi kwa ngazi hadi kwa yule mwenye sauti ndogo kuliko wote. Baba aliyemtaka yuko kazini, mtoto aliyemlilia yuko shuleni, na anayebaki na sufuria ya ugali wa mbwa, kinyesi cha mbwa na lawama za mbwa ni dada wa kazi au kijana wa bustani, ambaye hakuulizwa, ambaye huenda anamwogopa mnyama huyo, na ambaye hana mamlaka ya kutoa hata shilingi moja kwa ajili ya chanjo. Siku akiondoka kwenda kwao, mbwa hana mtu. Kwa hiyo kipimo ninachokipendekeza ni kimoja, na mengine yote yatakayofuata yanakitumikia: familia iko tayari pale ambapo mtu mzima mmoja, mwenye kauli juu ya fedha na ratiba ya nyumba, amekubali mbele ya wenzake kwamba mbwa huyo ni wake. Wengine watamsaidia, lakini siku msaada usipokuwepo, yeye ndiye atakayeamka.

Kikao cha nyumba nzima

Iteni kikao kabla ya kwenda kumwangalia mtoto wa mbwa yeyote, kwa maana mkishamshika mikononi hamtaamua tena kwa utulivu. Akae kila anayelala katika nyumba hiyo, pamoja na bibi, mpwa anayesoma kwenu na dada wa kazi, na waanze kuzungumza wale wasiotaka, si wale wanaotaka. Utaratibu huo ni muhimu, kwa sababu katika nyumba zetu mtu akishasikia mwenye nyumba amependezwa na jambo, hunyamaza kwa heshima, na ukimya wake huhesabiwa kuwa ni ridhaa. Muulizeni kila mmoja kama anaogopa mbwa, kama aliwahi kung'atwa, na kama ana pumu au hupiga chafya na kuwashwa macho akiwa karibu na wanyama wenye manyoya.

Suala la imani nalo lizungumzwe waziwazi. Kwa Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi katika ukanda wetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wakati huohuo, kufuga mbwa wa ulinzi, wa kuchunga au wa kuwinda kumeruhusiwa. Familia yenye mchanganyiko wa dini, na zipo nyingi Moshi na Arusha, inaweza kuishi na mbwa kwa amani endapo itakubaliana mapema kwamba mbwa haingii ndani, vyombo vyake viko peke yake, na mahali pa kusalia hapakanyagi. Fikirieni pia wageni na wapangaji wenzenu. Shangazi ambaye hawezi tena kuja kwenu bila wasiwasi wa kuguswa na pua ya mbwa ni hasara ya kweli katika ukoo, na haifai kupuuzwa kwa kisingizio kwamba nyumba ni yenu.

Baada ya hapo uzungumzwe muda. Mbwa anayetunzwa vizuri huishi miaka kumi hadi kumi na mitatu, na wengine huzidi hapo. Mtoto wa darasa la tatu anayeahidi leo kwa machozi kwamba atamlisha na kumwogesha atakuwa bweni kabla mbwa hajaanza kuzeeka, kwa kuwa katika mikoa hii yenye shule nyingi za bweni ndivyo wazazi wengi wanavyopanga. Ahadi ya mtoto ipokelewe kwa furaha na apewe sehemu ya kazi inayolingana na umri wake, lakini isiingizwe kwenye hesabu ya kuamua. Kama hakuna mtu mzima anayemtaka mbwa huyo hata pale mtoto atakapokuwa hayupo, jibu la familia kwa sasa ni hapana.

Swali la Desemba

Kuna kipimo kingine ambacho kwa watu wa huku ni kikali kuliko vyote. Kila mwaka, kuanzia wiki ya tatu ya Desemba, nyumba nyingi za Moshi mjini na Arusha hufungwa, na watu hupanda kwenda Rombo, Marangu, Kibosho, Machame au Uru kula sikukuu na wazazi. Mbwa naye atakuwa wapi? Kumwachia sufuria kubwa ya chakula na ndoo ya maji kwa siku kumi si mpango. Chakula kitachacha siku ya pili, maji yatamwagika, na kama amefungwa, mnyororo unaweza kujizungusha kwenye mti asiweze kufika hata kwenye kivuli, katika majira ambayo jua la Moshi ni kali.

Njia zinazofaa ni tatu. Mnaweza kumlipa mtu mzima anayemfahamu mbwa, awe jirani au mlinzi, afike asubuhi na jioni kila siku, na mumwachie fedha ya dharura pamoja na namba ya daktari wa mifugo. Mnaweza kupanda naye, mkiwa na gari lenye nafasi na mkijua kwamba kule kijijini kuna mahali pa kumfunga usiku ili asipigane na mbwa wa kihambani, yaani wa mashamba ya ukoo ya kule. Au mmoja wenu abaki. Andikeni ni njia ipi na jina la mhusika, na kama hamwezi kulitaja jina hilo leo, msidhani litapatikana lenyewe mwezi wa kumi na mbili.

Mkiamua kupanda naye, kuna tahadhari moja ambayo wengi hawaijui. Mbuzi na kondoo wa sikukuu wanapochinjwa nyumbani, mapafu na maini yenye vifuko vya maji hukatwa na kutupiwa mbwa. Vifuko hivyo ni hatua ya minyoo aina ya tegu, ambao hukomaa ndani ya utumbo wa mbwa, na mayai yake hutoka na kinyesi na kushikamana na manyoya, mikono ya watoto na mboga za bustani. Binadamu akiyameza, vifuko huota kwenye ini au mapafu yake mwenyewe, polepole, kwa miaka. Ugonjwa huu umejulikana kwa muda mrefu miongoni mwa jamii za wafugaji wa Kaskazini mwa Tanzania. Viungo vya namna hiyo vichomwe au vizikwe kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua.

Ua, geti na mwenye nyumba

Mpangaji aanze kwa mwenye nyumba, na apate kibali kwa maandishi. Katika nyumba za vyumba zenye ua mmoja, kama zilivyo nyingi Pasua, Majengo, Unga Limited au Sombetini, kibali cha mwenye nyumba pekee hakitoshi, kwa kuwa mbwa atakula, atabweka na atajisaidia mahali ambapo watoto wa wapangaji wengine wanacheza. Ni vyema kusema wazi kwamba ua wa namna hiyo, wenye familia tano na bomba moja, haufai kwa mbwa mkubwa, na anayempenda mnyama huyo kwa dhati atasubiri hadi ahamie penye nafasi.

Wenye nyumba zao waukague uzio kwa miguu, si kwa kuutazama kutoka barazani. Masale yanayotenganisha kihamba na kihamba yanaheshimiwa na watu, lakini mbwa hupita katikati yake bila kusita. Michongoma iliyokomaa huzuia, mradi haina matundu chini, na geti la chuma lenye uwazi wa kiganja kimoja juu ya ardhi humpitisha mtoto wa mbwa wa miezi mitatu. Mbwa akitoka, hukutana na bodaboda, na mbwa wasiochanjwa, na mtu mwenye sumu, na kuku wa jirani. Hayo yote mwenye mbwa ndiye atakayeyajibu mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Banda liwe limeinuliwa kutoka ardhini, lenye paa lisilovuja, mahali penye kivuli mchana, na lenye upana wa kumwezesha mbwa aliyekomaa kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Wakati wa masika, sakafu iliyo chini hujaa tope na mbwa hulala kwenye maji. Wakazi wa Arusha, hasa wa sehemu za juu kama Ilboru na Sakina, wakumbuke kwamba usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali, hivyo magunia makavu au nyasi za kulalia zinahitajika na zinapaswa kubadilishwa kabla hazijajaa viroboto.

Sasa niseme kuhusu mnyororo, kwa kuwa hapa ndipo ninapoumia zaidi. Wengi wanaotaka mbwa wa ulinzi wanaamini kwamba mbwa aliyefungwa mchana kutwa huwa mkali na hivyo hulinda vizuri. Anayefungwa hivyo huwa mwoga na mwenye hasira, habagui mwizi na mtoto wa jirani, hubweka kwa kila kitu hadi watu wa nyumbani waache kuitika, na siku mnyororo unapokatika ndipo watu wanapong'atwa. Mbwa anayelinda ni yule aliyezoea watu wake, anayejua sauti na nyayo za kila mmoja, anayetembea huru ndani ya uzio usiku na ambaye mwenye nyumba hutoka kutazama kila anapobweka, kwa kuwa habweki bila sababu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama na kumtaka mwenye mnyama amtunze ipasavyo, lakini hata kama sheria hiyo isingekuwepo, kiumbe mwenye kutaka kukimbia na kukaa na wenzake hakustahili kuishi miaka kumi ndani ya duara la mita mbili. Kama mpango wa familia ni mbwa wa kufungwa tu, nawasihi mtafute taa nzuri ya nje, kufuli imara na mlinzi.

Hesabu yake

Bei hubadilika, kwa hiyo nitataja kiasi cha chakula, nanyi mkapige hesabu kwa bei za soko la Mbuyuni au Kilombero za wiki hii. Mbwa mzima mwenye kilo 25 huhitaji, kwa makadirio, robo kilo ya unga mkavu kwa siku pamoja na gramu 100 za dagaa wakavu, au nyama, utumbo na vichwa vya kuku vyenye thamani ya lishe kama hiyo. Kwa mwezi ni kilo saba na nusu za unga na kilo tatu za dagaa. Mbwa wa kilo 35, kama German Shepherd dume aliyekomaa, atataka takribani theluthi moja zaidi. Mtoto wa mbwa hula kidogokidogo mara tatu hadi nne kwa siku katika miezi ya mwanzo, jambo linalomaanisha kwamba lazima awepo mtu nyumbani mchana, na ugali mtupu haumtoshi kwa kuwa mifupa na misuli yake inajengwa.

Katika nyumba nyingi, mahindi yaliyoota ukungu huwekwa kando kwa ajili ya mbwa, kana kwamba tumbo lake halidhuriki. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 huharibu ini la mbwa vilevile, naye huanza kwa kukataa chakula, kisha kutapika na kuwa na ufizi wa njano. Mahindi hayo yateketezwe. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo huvunjika kwa ncha kali na kutoboa utumbo, na vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake. Wenye mashamba ya kahawa na nyanya wafungie dawa za kunyunyizia, na dawa ya panya isiwekwe mahali mbwa anapofika.

Juu ya chakula kuna chanjo, dawa za minyoo, dawa ya kuogeshea dhidi ya kupe na viroboto, mkanda wa shingo, kamba ya kutembea naye, na akiba ya ugonjwa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Kupe wa huku huambukiza magonjwa ya damu yanayoweza kumwua mbwa mwenye afya ndani ya siku chache, dalili zake zikiwa homa, ufizi mweupe, uchovu na mara nyingine mkojo wa rangi ya kahawia, na matibabu yake hayasubiri mwisho wa mwezi. Familia ambayo ada za shule tayari zinaikaba kooni kila Januari iangalie kwa makini kama inaweza kuweka akiba hiyo bila kuigusa.

Chanjo na kichaa cha mbwa

Hili ndilo jambo ambalo familia isiyoweza kulitimiza haina haki ya kufuga mbwa, na nalisema bila kulainisha. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka, karibu wote wakiwa Afrika na Asia. Kwamba mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu. Na kwamba takribani asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa ni watoto walio chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, watafiti walikadiria mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba vifo vilikuwa kama 1,500 kwa mwaka, vingi vikiwa havifiki kwenye takwimu za hospitali. Ugonjwa huu unazuilika: jamii inapochanja asilimia 70 ya mbwa wake, mnyororo wa maambukizi hukatika. Kwa hiyo unapochanja mbwa wako unamlinda pia mtoto wa mtaa wa pili ambaye hujawahi kumwona.

Mtoto wa mbwa hupata chanjo ya kichaa akiwa na miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka katika maisha yake yote. Chanjo ya pamoja dhidi ya distempa na parvo, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza mapema zaidi, akiwa na wiki sita hadi nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu hadi nne mpaka apite wiki ya kumi na sita. Wengi huchoma sindano ya kwanza kisha huacha, wakidhani kazi imekwisha, na mbwa huanza kuhara damu akiwa na miezi minne. Dawa ya minyoo hutolewa kila baada ya wiki mbili tangu akiwa na wiki mbili hadi afikishe wiki nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita, na baada ya hapo kila miezi mitatu. Kadi ya chanjo itunzwe pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Kabla ya kuamua, fanyeni safari moja: nendeni kwa bwana mifugo wa kata yenu au kwa daktari wa mifugo mwenye kliniki, mkaulize chanjo gani zipo, zinahifadhiwaje kwenye ubaridi, gharama ni kiasi gani, na kama halmashauri ina mpango wa kuchanja karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kama safari hiyo imeonekana kuwa usumbufu hata kabla ya kuwa na mbwa, mmejijibu.

Kila mtu wa nyumbani, hata mdogo, ajue la kufanya akiumwa au kuparuzwa na mbwa yeyote, hata yule wa nyumbani anayependwa. Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, bila kupakwa mafuta, pilipili wala majani, kisha mtu afike kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa kuwa chanjo ya binadamu hufanya kazi ikiwahi. Kusubiri kuona kama mbwa atakufa ndiko kulikowamaliza wengi. Watoto wafundishwe kutomgusa mbwa anapokula, anapolala au anapokuwa na watoto wake, na mtoto wa chini ya miaka mitano asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata kwa muda wa kwenda kuchota maji.

Kuna swali moja la mwisho kuhusu maradhi, nalo linahusu ua wenyewe. Je, ndani ya mwaka uliopita alikufa hapo mtoto wa mbwa kwa kuhara damu na kutapika? Virusi vya parvo hubaki hai kwenye udongo kwa miezi mingi, na kumleta mtoto mwingine mahali hapo ni kumleta afe. Sakafu ya saruji inaweza kusafishwa kwa jiki iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja kwa thelathini, baada ya uchafu wote kuondolewa. Udongo hausafishiki hivyo. Katika hali hiyo subirini angalau mwaka, au mchukue mbwa mzima ambaye tayari ana chanjo kamili.

Mbwa gani, na jike au dume

Wanaotamani mbwa wa kizungu wajue kwamba German Shepherd na Rottweiler hupata parvo kwa ukali kuliko wengi, na kwamba German Shepherd hurithi mara kwa mara kasoro ya nyonga inayomfanya alemae mapema. Mbwa wenye manyoya mazito ya nchi za theluji huteseka katika joto la Moshi, na kuwaleta huku kwa ajili ya kuonekana ni kuwaonea. Mbwa wa kienyeji, wengi wao wakiwa na kilo 15 hadi 20, ni werevu, hula kidogo na wamezoea hali ya hewa yetu. Mimi naona familia inayofuga kwa mara ya kwanza ianze naye. Mwoneni mama yake kabla ya kumchukua, na msimtoe kwake kabla ya wiki nane. Anayeuza watoto wa wiki nne kando ya barabara, akisema wameshachanjwa lakini hana kadi, msinunue kwake hata kwa huruma.

Majike hukataliwa na watu wengi, na ndiyo maana wanaookotwa mabondeni na sokoni wakiwa wamefungwa kwenye mifuko mara nyingi ni wao. Hata hivyo, jike hulinda sawasawa na dume. Huingia joto kwa mara ya kwanza kati ya miezi sita na mwaka mmoja, kisha takribani mara mbili kwa mwaka, kila mara kwa wiki tatu hivi ambazo madume wa mtaa mzima watalala getini kwenu. Akibeba mimba, atazaa baada ya siku zipatazo 63. Familia isiyokuwa na majina ya watu sita au saba watakaochukua watoto hao na kuwatunza imfunge kizazi, na dume naye ahasiwe na daktari wa mifugo, kwa sindano ya ganzi na usafi unaostahili. Gharama ya upasuaji huo iingizwe kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza.

Mwezi wa majaribio

Baada ya kikao, ua na hesabu, jaribuni maisha hayo bila mbwa kwa mwezi mmoja. Yule aliyekubali kuwa mwenye mbwa aamke saa kumi na mbili asubuhi, atembee nusu saa kuzunguka mtaa, na arudie jioni, awe amechoka au hakuchoka, mvua inyeshe au isinyeshe. Kila jioni mtoto aliyepewa kazi ya maji aoshe bakuli tupu na kulijaza maji safi. Fedha ya chakula na chanjo itengwe wiki ya kwanza ya mwezi kwenye kibubu au kwenye simu, na isiguswe. Mkimaliza mwezi, kaeni tena na kuulizana ni nani aliyeacha, na alipoacha ni nani aliyeichukua kazi yake. Kama jibu ni dada wa kazi, hamko tayari bado, isipokuwa kama mtakubaliana naye upya, kwa hiari yake na kwa nyongeza ya mshahara, huku mwenye mbwa akibaki ni mmoja wenu.

Familia iliyoshindwa jaribio inaweza kumtunza mbwa wa jirani siku chache anaposafiri, jambo ambalo humfurahisha mtoto na kumwonyesha kila mtu uzito halisi wa kazi, kisha ijaribu tena mwaka unaofuata. Familia iliyofaulu ichague tarehe kwa makini. Novemba na Desemba haziwafai wanaopanda kijijini. Mwanzo wa masika ni wa tope na baridi ya kifua kwa mtoto wa mbwa. Februari, shule zikiwa zimetulia na mvua kubwa bado, huwafaa wengi, mradi mwenye mbwa apate likizo ya siku chache za mwanzo. Wiki moja kabla ya tarehe hiyo, banda liwe limekamilika na matundu ya uzio yameziba, miadi ya chanjo iwe imepangwa, na lile jina la mtu wa Desemba liwe limeandikwa na namba yake ya simu ukutani jikoni.